Ndiyo, nilipangiwa Zanzibar, na wito ninao

Juzi kijana mmoja mwenye huduma yake alivuka na boti kutoka Dar kuja Unguja kutafuta pa kufungulia kanisa. Akaniuliza lile swali ninaloulizwa kila mara: "Mchungaji, ni Mungu aliyekuita Zanzibar, au ulipangiwa na Konferensi?" Nilipomjibu kwamba nilipangiwa na Konferensi, ule mkutano mkuu wa kanisa letu, akanionea huruma waziwazi.

Nimechoka kuonewa huruma kwa jambo hili. Kuna imani imeenea kwamba wito ni siri ya mtu na Mungu wake, na kwamba anayengoja barua ya kupangiwa kituo ni mwajiriwa tu. Sisi Wamethodisti hatuamini hivyo. Moyo wa mtu husikia, na kanisa hupima. Unaanza katika darasa, yaani kikundi kidogo cha washarika wanaoangaliana kiroho, unakuwa mhubiri wa majaribio, sinodi, yaani baraza la kanisa la eneo, inakuhoji, unakwenda chuo, unajaribiwa tena, ndipo unawekewa mikono. Hatua hizo zinajulikana, sizirefushi.

Kinachoniudhi ni kuambiwa kwamba kupimwa huko kunamzima Roho. Tangu mkutano wa 1746, John Wesley, mwanzilishi wetu, na wenzake walimpima anayedai kuitwa kwa mambo matatu: ana neema? ana karama? ana matunda? La neema unaweza kulishuhudia mwenyewe. Karama na matunda lazima washuhudie wengine, tena wale wanaokujua ulivyo nyumbani. Lipo na swali jingine la tangu zamani ambalo huulizwa wanaokaribia kuwekewa mikono: una deni litakalokukwamisha katika kazi? Nalipenda sana swali hilo. Mchungaji anayedaiwa hupanda mimbarani akilitazama kapu la sadaka, na washarika wanaliona jicho lake.

Na wanaosema wito ni jambo la usiku mmoja wamtazame Wesley huyohuyo. Alipewa ukasisi 1728. Ile saa aliyosema moyo wake ulipata joto kwa kumtumaini Kristo, pale mtaa wa Aldersgate, London, ilimjia tarehe 24 Mei 1738, amekwisha kuwa kasisi karibu miaka kumi. Alikuwa hana wito miaka yote hiyo? Mimi sithubutu kusema hivyo.

Darasa nalo halikushuka mbinguni limekamilika. Mwaka 1742 kule Bristol walikuwa na deni la jengo, wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na wakusanyaji wapite nyumba kwa nyumba. Kupita huko ndiko kulikowaonyesha nani mgonjwa, nani amegombana na mkewe, nani amerudia pombe. Uchungaji wetu ulizaliwa mlangoni mwa watu, na huku visiwani bado unaishi hapohapo. Washarika wangu wengi wametoka bara: askari, walimu wa skuli, wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Mtu wa hoteli Jumapili yuko kazini. Basi darasa la Nungwi hukutana Jumatatu usiku, zamu ikiisha, kwenye chumba cha kupanga, viatu vimejaa mlangoni, mmoja bado na sare ya jikoni. Kiongozi wake ni mpishi. Huanza kwa kumwuliza kila mmoja roho yake ina hali gani, kisha hunyamaza mpaka ajibiwe. Nimejifunza uchungaji kwa kumtazama yeye. Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi hufunga, watu hurudi kwao, na ni yeye anayewapigia simu huko waliko.

Wapo pia wanaouliza nimebatiza Waislamu wangapi. Sikutumwa kuwahesabu majirani. Ramadhani chakula cha kanisa hatukipiki mchana, na magharibi bakuli la futari huletwa mlangoni kwangu.

Kila mwanzo wa mwaka tunasali sala ya Agano, tunamwambia Mungu atutumie au atuweke kando, apendavyo yeye. Siwezi kuisali sala hiyo kisha nichague kituo.

Lakini nina shaka moja, na siifichi. Wesley aliandika kwamba akihubiri mwaka mzima mahali pamoja atajisinzisha yeye na watu wake. Labda kwao. Huku kuaminiwa kunachukua muda. Miaka ya mwanzo wazee wa barazani huitikia salamu yako kwa adabu, basi. Baadaye sana, kukiwa na msiba, mmoja anakuja kukwambia, "Padri, njoo ukae na sisi." Na hapo ndipo barua ya uhamisho inapofika. Sina hakika utaratibu wetu wa kuhamisha wachungaji unavifaa visiwa hivi. Kuhama nitahama, ila sinodini nimeomba jambo na nitaliomba tena: anayeondoka na anayekuja wakae pamoja mwezi mzima, wapite wote kwa sheha, kiongozi wa mtaa, barazani na katika kila darasa, ndipo wa kwanza apande boti.