Khoregeo: kitenzi cha kuruzuku kilichotoka kwenye kwaya

Kitenzi cha Kigiriki cha kale khoregeo kimeundwa na khoros, yaani kundi linaloimba na kucheza, pamoja na shina la kuongoza. Khoregos, basi, kwa asili ni kiongozi wa kwaya. Maana ya kutoa mali ilikomaa Athens.

Katika karne ya 5 KK, kugharimia kwaya za sikukuu ya mungu Dionysos lilikuwa jukumu la raia matajiri. Kwa tanzia, yaani michezo ya kuigiza ya majonzi, mteuzi alikuwa afisa wa dola aliyeitwa arkoni. Aliyeteuliwa aliwatafuta waimbaji, akawapa mahali pa mazoezi, chakula na mavazi, akamlipa na mwalimu wao. Waigizaji walilipwa na dola. Perikles, aliyekuja kuwa kiongozi wa Athens, alibeba mzigo huo mwaka 472 KK, kwa ajili ya tanzia za mtunzi Aeschylus.

Na ulikuwa mzigo kweli. Hotuba moja ya Lysias, mwandishi wa hotuba za mahakamani, inataja drakma 3,000 kwa tanzia moja na 5,000 kwa kwaya ya wanaume 50. Fundi alipata takriban drakma moja kwa siku. Hizo 5,000 ni ujira wa zaidi ya miaka 13. Aliyeteuliwa, akiona kuna tajiri kumzidi aliyeachwa, aliweza kumtaka huyo achukue jukumu hilo, au wabadilishane mali zote. Tena fedha haikuwa hatari pekee: khoregos mmoja alishtakiwa kwa mauaji baada ya mtoto wa kwaya yake kunywa dawa na kufa.

Baadaye neno lilitoka jukwaani. Mwanahistoria Mgiriki Polybius analitumia kwa mahitaji ya jeshi. Katika karne ya 1 BK, mume mmoja wa Oxyrhynchus, Misri, anaandika kwenye mashtaka yake kwamba alimkimu mkewe kupita uwezo wake. Kitenzi ni epikhoregeo, chenye kiambishi epi. Hapo hakuna kwaya.

Kwa hiyo wahubiri wanaoona tamasha la Athens kila kitenzi hiki kinapotokea katika Agano Jipya wanakitwisha zaidi ya kinachobeba. Tazama kwanza nani anatoa, anampa nani, na nini. Katika 2 Petro 1, epikhoregeo imo mara mbili: mstari wa 5 waumini ndio watoaji, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema “tieni”, mstari wa 11 wao ndio wapokeaji, nayo inasema “mtaruzukiwa”. Msomaji wa Kiswahili pekee hawezi kuona kwamba mistari hiyo miwili inaitikiana.