Koili ya Ubongo Haipimwi Siku Mgonjwa Anaporuhusiwa Kwenda Nyumbani

Siku ya Kiharusi Duniani huadhimishwa tarehe 29 Oktoba, na kila inapokaribia, watu wa Kisumu na kaunti jirani huja kliniki na maswali mengi. Safari hii malalamiko yamelalia upande mmoja. Mgonjwa alivuja damu ubongoni, akapewa rufaa ya Nairobi, akatiwa koili, yaani nyuzi za platinamu za kuziba mshipa uliovuja, akarudi Bondo au Mumias akitembea kwa miguu yake. Miezi sita baadaye anaitwa kupigwa picha tena. Familia inauliza: si mlituambia amepona? Wapo wanaosema waziwazi kwamba hospitali inatafuta pesa.

Tunaomba jambo hili lieleweke. Mtu anaweza kuwa mzima kabisa, anakula, analima, na huku anurizimu yake, yaani tumbo lililotokeza kwenye mshipa, inafunguka upya bila dalili hata moja. Picha ndiyo itakayosema.

Ukuta wa mshipa ukidhoofika hutoa tumbo, kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani au kwenye kifundo cha mkono hadi ubongoni, akalijaza tumbo hilo nyuzi laini za platinamu zinazojikunja zenyewe. Njia hii ilibuniwa na Guido Guglielmi, daktari Mwitaliano, na ikatumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1990 huko Los Angeles. Hata kazi ikifanywa vizuri, platinamu huchukua takriban robo tu ya nafasi iliyomo. Sehemu iliyobaki hujaa damu iliyoganda, kisha utando mpya unatakiwa uote juu ya mlango wa tumbo. Damu inapiga pale mchana na usiku. Inaweza kuzisukuma koili zikabanana upande mmoja, mlango ukafunguka. Anurizimu kubwa, zenye mlango mpana, na zile zilizokwisha kupasuka ndizo tunazozihofia zaidi.

Wataalamu hupima matokeo kwa madaraja matatu. La kwanza, tumbo limeziba lote. La pili, imebaki shingo tu, pale mlangoni. La tatu, damu bado inaingia ndani. Ukimuuliza daktari kama kazi imefaulu, atakujibu ndiyo na hutakuwa umejua lolote. Uliza ni daraja gani, na picha inayofuata ni lini. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban anurizimu moja kati ya tano zilizotiwa koili hufunguka tena kwa kiasi fulani, na moja kati ya kumi huhitaji kutibiwa upya.

Hapo ndipo tunapoulizwa: kwa nini basi msifungue fuvu, mbane shingo ya tumbo kwa klipu, yaishe? Swali ni la haki. Utafiti wa ISAT ulioongozwa kutoka Uingereza uliwafuata wagonjwa 2,143 ambao anurizimu zao zilikuwa zimepasuka na ziliweza kutibiwa kwa njia zote mbili. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki au waliobaki wakitegemea wengine walikuwa takriban 24 kati ya kila 100 waliotiwa koili, na takriban 31 kati ya kila 100 waliowekwa klipu. Waliotiwa koili walirudi kutibiwa tena mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ufuatiliaji ni sehemu ya matibabu yenyewe; usipoufanya, umechukua nusu ya tiba. Nusu ya pili umeiacha Nairobi. Tena, si kila anurizimu inafaa koili. Umbo lake, mahali ilipo na umri wa mgonjwa vitaamua, na kundi la ISAT halikuwakilisha kila mgonjwa.

Kuhusu koili zilizopakwa kemikali au jeli, ambazo wengine huziulizia kwa jina: utafiti wa Cerecyte, aina mojawapo ya koili hizo, haukuonyesha faida juu ya platinamu tupu. Koili za jeli zilipunguza kufunguka upya kwenye picha, lakini hali za wagonjwa wenyewe hazikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya jina la koili.

Sasa picha yenyewe. Wagonjwa wengi hutuletea skani ya CT kwa sababu ni rahisi kupatikana. Platinamu hutawanya miale, na pale hasa tunapotaka kuona panakuwa na mng'ao mtupu. Inayohitajika ni MRI ya mishipa, au angiogramu ya mrija, yaani picha ya mishipa inayopigwa kwa kupitisha mrija ndani yake. Na tumeeleza mara nyingi, tunaeleza tena: koili ya platinamu haivutwi na sumaku ya MRI, haishiki kutu, haisafiri mwilini ukipanda ndege. Tafadhali acheni kuwatisha wagonjwa. Wenye klipu za zamani ndio wanaopaswa kuchunguzwa kabla ya kuingia MRI, na ndiyo maana kadi ya kipandikizi (inayoonyesha ulichowekewa mwilini) uliyopewa siku ya kuondoka isibaki kabatini.

Aliyewekewa stenti (kijibomba cha wavu ndani ya mshipa) pamoja na koili hupewa aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda. Asiziache hata siku moja kwa sababu ya kung'olewa jino au ushauri wa jirani, mpaka daktari aliyemtibu aseme. Damu ikiganda ndani ya stenti, kiharusi kinachofuata hakitasubiri kliniki ya mwezi ujao.

Unapokwenda kwenye ufuatiliaji, chukua barua ya rufaa, kitambulisho, muhtasari wa kuruhusiwa, kadi ya kipandikizi na CD ya picha za awali. Ripoti ya maandishi peke yake haitoshi, kwa sababu tunalinganisha picha kwa picha. Hakikisha mchango wa bima ya afya ya SHA umelipwa, na idhini ya awali iombwe na kituo kabla ya siku ya kipimo. Hospitali ikisita kukupa nakala za picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuzipata taarifa zako. Omba kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Usipojibiwa, peleka lalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kichwa kikiuma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, shingo ikakaza, mtu akatapika au kope ya jicho moja ikalegea, usimpe dawa ya maumivu ukangoja kupambazuke. Mpeleke Russia, yaani hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, au hospitali ya rufaa ya kaunti iliyo karibu, usiku huohuo. Hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura, na chini ya Sheria ya Afya ya 2017, kituo chenye uwezo kinachokataa kuyatoa kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Anayekataliwa aandike jina la kituo, saa aliyofika na aliyemhudumia, kisha apeleke lalamiko kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Lakini kwanza ampeleke mgonjwa kituo kingine.