Ile video ya kufuma unayoifowadi ina mwenyewe

Jumanne usiku mwanafunzi wangu mmoja wa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma kanitumia video WhatsApp, chini kaandika "mwalimu naomba unisaidie, mbona kitambaa changu kinajikunja kama bakuli na nimefuata kila kitu". Ilikuwa na ile alama ya kwamba imesambazwa mara nyingi. Nikaifungua, hakuna mtu anayeongea, muziki tu, na kwenye kona kuna namba ya simu nisiyoijua. Ila ile mikono naijua. Kidole gumba cha kushoto kina kovu la jiko la mkaa na kitenge kilichotandikwa chini ya uzi mpaka leo kipo hapa mezani kwangu.

Ni video yangu. Niliirekodi mwaka jana mwezi wa saba, wakati ule Dodoma asubuhi vidole vinakufa ganzi na upepo unagonga bati mpaka inabidi usubiri utulie ndo uongee. Simu nimeiegemeza kwenye ndoo iliyofunikwa na vitabu, nafuma, nakosea, nafumua, naanza upya, Jumamosi nzima imeisha kupata dakika 22, bado kukata na bando la kuipandisha. Siandiki hivi mnionee huruma, kazi naipenda, nataka tu mjue klipu moja ya kufundisha inatoka wapi.

Sasa turudi kwenye bakuli. Aliyeikata alitaka iwe fupi, akatoa sauti na akatoa kuanzia dakika ya tisa mpaka ya kumi na nne. Hapo ndo nilikuwa nahesabu raundi kwa mdomo. Duara la mshono wa dabo ili lilale chini unaanza na mishono 12, raundi ya pili 24, ya tatu 36, ya nne 48, yaani kila raundi unaongeza 12, na kama ni mshono mfupi wa singo unaongeza 6. Ukiongeza pungufu ya hapo linanyanyuka pembeni linakuwa bakuli, ukizidisha linafanya mawimbi. Binti wa watu aliona raundi ya pili tu akafika 24, akaendelea na 24 hizohizo mpaka raundi ya saba, lazima liwe bakuli! Na mwanzoni kabisa nilisema dabo ninayoisema mimi ni ya Wamarekani, ambayo Waingereza wanaiita trebo, na singo ya Wamarekani kwa Waingereza ndo dabo, kwahiyo mwenye patani, yaani maelekezo ya kufuma, ya Uingereza ajue anasoma nini. Hiyo nayo imekatwa. Kwahiyo aliyeumia sio mimi peke yangu, kaumia na aliyenunua uzi kwa hela yake akakaa wiki nzima anafuma kitu kisicholala mezani.

Watu wengi wakisikia mtu analalamika video yake imesambazwa wanadhani anataka kuficha ujuzi. Hapana jamani. Mshono hauna mwenyewe, singo na dabo zimefumwa na bibi zetu kabla hata sijazaliwa na hakuna wa kusimama aseme ni zake. Ukiangalia video yangu ukafuma vitambaa vya makochi ukaenda kuviuza Majengo au Sabasaba, hela yote ni yako, sidai hata mia, na nikikutana navyo nyumbani kwa mtu nafurahi kweli. Kilicho changu ni ile video yenyewe, picha, sauti, maelezo nilivyoyapanga na chati niliyochora kwa mkono. Na sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatenganisha hivyohivyo, wazo na njia ya kufanya kitu havilindwi, kazi iliyorekodiwa inalindwa, na inalindwa hata kama hujaenda kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili kunakusaidia kwenye ushahidi siku mkibishana. Tanzania imo pia kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwahiyo ile video ya mama wa Uturuki mliyoipenda kwenye grupu nayo huku ina ulinzi, isionekane kwamba wa mbali ndo wa kuchukuliwa bure. Sheria inakupa nafasi ya nakala ya matumizi yako binafsi. Grupu la watu 300 sio matumizi binafsi.

Halafu kuna hela, niseme wazi. YouTube ili mtu aanze kulipwa matangazo kwa video za kawaida anatakiwa awe na wafuatiliaji 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12. Ikishatolewa kule ikaingizwa WhatsApp kama faili, hata ikitazamwa na wilaya nzima, yule fundi hapati hata dakika moja kwenye hesabu yake.

Najua mtasema bando. Hiyo hoja naiheshimu kuliko zote maana mimi mwenyewe nilijifunza kwa kurushiwa klipu kwa Xender, ile app ya kurushiana mafaili bila bando, na sikuwahi kujua majina ya walionifundisha, hilo linaniuma mpaka leo. Ila zipo njia. Kama simu yako inakupa kitufe cha kupakua ndani ya YouTube kwenyewe, itumie ukiwa sehemu yenye waifai. Jumamosi hapa kwangu Nkuhungu tunakaa watu wanane tunaangalia simu moja, bando moja, tunasimamisha kila raundi mpaka wa mwisho afike. Na ukishaelewa, mfundishe jirani yako kwa mikono yako mwenyewe, hiyo hakuna wa kukuzuia na ndivyo ufumaji ulivyotufikia. Ikishindikana kabisa mwandikie mwenye video umuombe, mafundi wengi tunajibu, mimi huwa natuma nakala nyepesi yenye jina langu na sauti yote.

Lakini kwenye grupu weka linki na jina la fundi. Usikropu, usitoe sauti, usibandike namba yako juu. Yule mwenye namba nilimpigia, akaniambia na yeye alitumiwa ikiwa tayari haina sauti, namba kaiweka ili wateja wa uzi wampate, akaomba radhi na kesho yake akaweka linki yangu. Sina kinyongo naye. Ila zile nakala zilizokwisha kwenda hazirudi, TikTok au YouTube unaweza kuripoti ikashushwa, WhatsApp imeshaingia kwenye simu za watu basi tena.

Darasa la kulipia ndo baya zaidi na hapo na mimi nina kosa langu. 2021 nilinunua somo la sweta la mtoto kwa dada mmoja fundi wa Mwanza, elfu 15, nikaliweka kwenye grupu letu nikiamini tunasaidiana. Usiku uleule likawa kwenye simu zaidi ya arobaini. Aliponiandikia hakunitukana, aliuliza tu, "dada, uliwaambia ni la kulipia?" Sikuwa nimewaambia. Nikampigia nikaomba msamaha, nikarudi kwenye grupu nikaeleza, 11 wakalipa, wengine wakafuta, wengine kimya. Lile lilikuwa sehemu ya kwanza, mwili na shingo. Sehemu ya pili ya mikono hakuirekodi tena, na mimi nina sweta la rangi ya maziwa kwenye kabati halina mikono, yule mtoto niliyekuwa namfumia sasa hivi yuko shule.

Mwezi uliopita nilimpigia tena. Nikamuuliza kama tukimlipa kwanza kabla hajarekodi atakubali, akasema wakifika watu 20 atairekodi, na yeye mwenyewe atamtumia kila mtu kwenye namba yake. Mpaka leo asubuhi tupo 14. Elfu 15, inaenda kwake moja kwa moja, sio kwangu. Anayetaka aniandikie nimpe namba yake akisharidhia, na aje na uzi wa sweta laini na sindano ya milimita 3.5.