VPN Imeunganishwa, Kurasa Hazifunguki: Acha Kusakinisha Upya

Wiki hii nimeambiwa tena: "Nimeifuta programu ya VPN nikaisakinisha upya mara tatu, bado." Inaniuma, kwa sababu programu haikuwa na kosa. VPN, njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisini, inaonyesha imeunganishwa, ping (ujumbe mdogo wa kujaribu kama seva inajibu) inajibu, lakini ukurasa unazunguka tu. Hapo njia imefunguka. Zinazokwama ni pakiti kubwa, yaani vifurushi vya data.

Ethaneti, mtandao wa waya, kwa kawaida hubeba pakiti ya hadi baiti 1500. VPN huitia kila pakiti ndani ya bahasha nyingine, na bahasha nayo inakula nafasi: WireGuard, aina moja ya VPN, huongeza baiti 60 juu ya IPv4, 80 juu ya IPv6 (matoleo mawili ya anwani za intaneti). Ndiyo maana MTU yake ya kawaida, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ni 1420. Laini ya PPPoE, aina ya muunganisho wa intaneti wa nyumbani, hata hivyo, kwa kawaida huishia 1492. Jumlisha 1420 na 80 za IPv6, unapata 1500: haipiti! Na kwenye IPv6 ruta za njiani haziruhusiwi kukata pakiti vipande. Kazi yao ni kuitupa na kurudisha ujumbe wa ICMP (taarifa za hitilafu za mtandao) kwamba imezidi. Kuna wasimamizi wa mitandao wanaozuia ICMP yote wakiamini wanaimarisha usalama. Jamani, acheni! Mnamziba mdomo mjumbe pekee wa kusema pakiti imekwama wapi. Ping ndogo itapita, cheti cha tovuti kitapotea njiani, na mtumiaji ataendelea kuifuta programu isiyo na hatia.

Pima hivi: zima VPN, kisha kwenye Windows andika ping -f -l 1472 na anwani ya seva ya VPN. Ikigoma, punguza hadi ijibu. Kwa ping ya IPv4 ongeza 28 kwenye namba kubwa iliyojibu, toa 80 za bahasha ya WireGuard, iliyobaki ndiyo MTU ya kuweka kwenye VPN.

Nikiri, mara nyingine naweka 1280 moja kwa moja, kiwango cha chini cha IPv6, kazi inaendelea, na naondoka bila kujua ni kifaa gani kilikuwa kinameza pakiti. Vitabu havifundishi hivyo.

VPN isipounganika kabisa, hilo ni jambo jingine: tazama saa ya kompyuta, maana cheti hukaguliwa kwa tarehe, kisha, kama VPN yako inaruhusu, jaribu TCP 443 (njia ya kawaida ya tovuti) kama UDP, njia nyingine ya kusafirisha data, imezuiwa. Nyumbani na ofisini kukiwa na anwani za mtandao zilezile, mfano 192.168.1.0/24, zinagongana: badilisha ya nyumbani.

Na kama hata 1280 haikusaidia, yaelekea MTU haihusiki. Fungua kitu cha ofisini kwa namba ya IP badala ya jina. Kikifunguka, shughulika na DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa namba za IP.