Kupunguza mazoezi kabla ya mashindano hakumpunguzii mtoto kasi

Msimu ukikaribia mashindano makubwa, wazazi wengi hushtuka: timu iliyokuwa ikiogelea mita 4,000 kwa kipindi sasa inatoka bwawani baada ya mita 2,000. Wengine huwatafutia watoto vipindi vya ziada pembeni, na kwa kufanya hivyo huharibu kazi ya miezi mingi.

Mazoezi mazito huiacha misuli imechoka na akiba yake ya nishati imepungua. Kasi iliyojengwa ipo, ila imefunikwa na uchovu. Umbali ukipunguzwa kwa nusu hivi katika wiki moja au mbili za mwisho, misuli hujirekebisha, na pumzi haishuki kwa muda mfupi kiasi hicho.

Kinachopunguzwa ni umbali tu. Siku za kuingia majini zibaki karibu zilezile, na kasi isiguswe: kwa mfano mita 25 mara nne hadi sita kwa kasi ya mashindano, na mapumziko ya kutosha katikati, pamoja na kuruka kutoka jukwaani na kugeuka ukutani. Mtoto akikaa nje ya maji siku kadhaa hupoteza ule mshiko wa maji. Utaona kiganja kinateleza badala ya kuvuta, na anapiga mikono mingi zaidi kumaliza urefu uleule wa bwawa.

Siku za mwanzo anaweza kuhisi mwili mzito. Ni kawaida, asirudishwe kwenye mita 4,000. Watoto wadogo, ambao mazoezi yao si mazito, siku mbili tatu za kupunguza umbali zinawatosha.