Tawasifu ni nini, na unaianzia wapi?

Tawasifu ni kitabu ambacho mtu anaandika maisha yake mwenyewe kwa kauli yake. Ukiandika maisha ya mtu mwingine, huo ni wasifu. Shaaban Robert alifanya yote mawili: aliandika maisha yake, na akaandika ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Ile karatasi unayoambatisha kwenye barua ya maombi ya kazi ni wasifukazi. Naitaja hapa kwa sababu wengi wanaoketi kuandika tawasifu huishia kuandika wasifukazi mrefu: shule waliyosoma, vituo walivyohamishiwa, vyeo walivyopanda, mwaka waliostaafu. Mjukuu akishasoma kurasa tatu anaweka chini, na wala hana kosa.

Wapo pia wanaodhani tawasifu ni ya viongozi tu. Dhana hiyo inaeleweka. Mzee Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza Novemba 2019, miezi michache kabla ya kufariki Julai 2020. Mzee Ali Hassan Mwinyi naye akatoa cha kwake kwa Kiswahili mwaka 2021. Lakini rais mstaafu ana deni ambalo wewe huna: lazima aeleze ya Ikulu, mageuzi, mikataba, chaguzi. Ukichukua umbo la kitabu chake na kulivisha maisha ya mwalimu wa Liwale au mvuvi wa Mikindani, litapwaya.

Kinachofanya tawasifu iwe tawasifu ni jambo moja ambalo mwandishi analifuata kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu wa miaka sabini hawezi kuweka kila kitu kwenye kurasa mia mbili. Anachagua. Tuseme ni mzee aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho kule Tandahimba. Ameona kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, ameoa mara mbili, amewahi kuishi Dar. Yote hayo wenzake wengi wanayo. Alicho nacho yeye ni mizani. Korosho zikipimwa kijijini halafu zikifika ghala kuu zikakutwa zimepungua, karani anasema ni unyaufu, mkulima anasema ni wizi. Sasa, aliwezaje kushika mizani miaka yote ile na kijiji bado kinamsalimia? Hilo ndilo la kufuata. Ndoa zake zitaingia pale zinapogusa mizani. Dar itaingia kama alikimbilia huko baada ya msimu mmoja mbaya. Kisichogusa kinabaki cha kusimulia barazani.

Tazama inavyobadilisha hata sentensi ya kwanza. Bila jambo la kufuata, mzee ataandika hivi:

"Nilizaliwa mwaka 1952, nikiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa familia ya wakulima."

Akishajua anafuata nini, anaweza kuandika hivi:

"Siku niliyokabidhiwa mizani, mama alinifuata mpaka nje akaniambia: korosho za mjomba wako usizipime wewe, apime mwingine."

Kwenye sentensi hii ya pili tayari tuna mama, tuna mjomba (na huku Kusini mwa Tanzania, ambako koo nyingi hufuata upande wa mama, mjomba si mtu wa pembeni), tuna mashaka ya watu na hofu ya kijana. Mwaka wa kuzaliwa utakuja ukurasa wa ishirini, ukihitajika.

Tukubaliane basi kwamba hutaanza na kuzaliwa, wala hutaanza kwa kupanga sura. Nunua kaunta buku moja. Kila ukikaa, andika tukio moja tu lenye mahali, mtu mwingine mbali na wewe, na neno lililosemwa. Usijali mpangilio, leo unaweza kuandika ya mwaka 2018 serikali ilipotuma jeshi kununua korosho, kesho ukarudi utotoni. Matukio yakishakuwa mengi, pitia uone lipi linajirudia bila wewe kulilazimisha. Mara nyingi jambo la kufuata linaonekana hapo, na mara nyingi silo ulilodhani. Kama kalamu inakuchosha, sema kwenye simu na mjukuu aandike. Ukisimulia kwa Kimakonde au Kimwera, aandike hivyo hivyo kwanza, Kiswahili kitafuata.

Tarehe zinawatisha watu kuliko inavyostahili. Wazee wengi wa Lindi na Mtwara hawana cheti cha kuzaliwa, lakini Kusini ina kalenda yake. Kuna mradi wa karanga wa Nachingwea ulioanza 1947. Kuna kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952. Kuna reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979, enzi za kusubiri kivuko cha Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, na vurugu za gesi za Mtwara Mei 2013. Bibi ambaye hakumbuki mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza anaweza kukumbuka kwamba mtoto alikuwa mgongoni siku ya kimbunga. Basi umepata. Kwa familia za Kikristo, daftari la ubatizo linasaidia sana; Waanglikana wako Masasi tangu 1876 na Wabenedikto wako Ndanda tangu 1906. Wengine wafungue sanduku: kadi ya TANU, kadi ya kliniki, stakabadhi za mauzo, picha ya studio yenye mhuri nyuma.

Kuna sehemu moja ambayo mwandishi wa huku atakwama, nayo ni jando na unyago. Huwezi kuiruka, kwa sababu wengi waliingia kumbini na jina moja wakatoka na jingine, na maisha yaligawanyika hapo. Lakini yaliyofundishwa ndani yana miiko. Nyimbo na mafunzo si mali yako peke yako. Ni ya kila aliyepita pale, na wenye ruhusa ya kuyatoa ni wazee wao. Chako ni kile kilichokupata wewe: baridi ya alfajiri, nani alikubeba, mama alisimama wapi mlipoondoka, ulivyogeuka mara ya kwanza kuitwa jina jipya na kukawia kuitika. Hayo andika bila woga. Najua wapo wanaosema tuandike yote kwa sababu mila zinapotea. Hiyo ni kazi nzuri, ila ni kitabu kingine, chenye mashauriano na idhini. Ukiichomeka ndani ya tawasifu, ndugu zako wataacha kusoma maisha yako na kuanza kubishana juu ya kiapo cha kutunza siri za kumbini.

Kwa watu walio hai kanuni inafanana na hiyo. Ya kwako unaweza kuyafungua yote, hata ya aibu. Ya mtalaka wako, au ya kaka aliyeuza shamba la urithi, muulize kwanza. Kubadilisha jina hakutoshi kama kijiji kizima kinajua kwamba mwenyekiti wa miaka ile alikuwa mmoja tu, na mtu aliyechafuliwa jina anaweza kukupeleka mahakamani.

Ukifikisha matukio kama kumi, mtafute mtu wa rika lako aliyekuwepo, umsomee kwa sauti. Usimpe karatasi akasome mwenyewe, kwa sababu atakurudishia akisema "nzuri." Ukimsomea atakukatiza: haikuwa jioni, ilikuwa asubuhi; aliyepiga filimbi hakuwa yule. Andika anachosema pembeni ya ukurasa. Mkishindwa kukubaliana, hakuna haja ya mshindi. Weka zote mbili kitabuni, kwamba wewe unakumbuka jioni na mwenzako anashikilia asubuhi.