Magugu ya Nyuma ya Tangi: Kwa Nini Kufyeka Hakutoshi

Karibu kila nyumba ya mjini ina sehemu ambayo ufagio haufiki. Aghalabu ni ule uchochoro kati ya nyumba na ukuta wa uzio, nyuma ya tangi la maji, au pale bomba la jikoni linapomwaga. Hakuna nafasi ya kunyanyua jembe. Masika yakiisha anaitwa kijana mwenye fyekeo, anafyeka anapoweza kufika, analipwa, na baada ya wiki chache majani yamerudi vilevile. Hapo ndipo sisi tunaoshughulika na afya ya mimea tunapoulizwa: dawa gani itayamaliza? Jibu langu huwakera wengi. Kabla ya dawa, tafuteni kwanza nani anayalisha.

Anayeyalisha ni maji. Tazama kona hiyo mwezi wa Agosti, uwanja mzima umekauka na pale pana kijani kibichi. Koki ya tangi inadondosha, kiyoyozi kinachuruzika, paa halina gata. Badilisha koki, weka ndoo chini ya kiyoyozi (maji yake yanafaa kudekia), peleka maji ya paa kwingine. Magugu hayatakufa kwa hilo peke yake, lakini kiangazi kitaanza kukusaidia badala ya kupita bila faida.

Pili, lijue gugu lako, kwa sababu hayauawi kwa njia moja.

Linalosumbua kuliko yote ni ndago. Chimbua mche mmoja taratibu utaona chini yake vijiazi vyeusi, vidogo kama punje za karanga, vimeungana kwa nyuzi nyembamba. Vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu. Ukivuta majani, uzi unakatika na kijiazi kinabaki. Tena mnyororo ule ukikatwa, vijiazi vilivyokuwa vimelala navyo huchipua, ndiyo maana mtu anaweza kupalilia ndago mara moja na akaipata nyingi kuliko ya mwanzo. Udhaifu wake ni miwili: haipendi kivuli kizito, na vijiazi vyake haviwezi kuvumilia kukauka. Basi ichimbue kiangazi, si masika. Kwenye uchochoro mwembamba tumia kijembe chenye mpini mfupi, piga magoti, chekecha udongo kwa mkono, kisha anika vijiazi juani kwenye sakafu au bati mpaka vikauke kabisa. Usivitupe kwenye shimo la mboji, maana vitaishi humo na utavirudisha bustanini mwenyewe. Baada ya hapo kagua kila wiki mbili au tatu na kuchimbua vichipukizi vichanga kabla havijatengeneza vijiazi vipya. Hili la kurudia ndilo gumu, na ndipo wengi wanapokata tamaa.

Kongwa, lile jani laini lenye ua dogo la buluu ambalo sungura hulipenda, lina tabia nyingine. Kila kipande cha shina kinachoangukia udongo mbichi huota mizizi. Ukilifyeka na kuliacha pale pale, umelipanda. Ling'oe, likusanye kwenye ndoo, wape sungura au mbuzi. Na glaifoseti, dawa ambayo wengi huikimbilia, haina nguvu sana kwake.

Kwa wakazi wa Arusha na maeneo jirani, angalieni gugu karoti: majani yaliyochanika kama ya karoti, vijiua vyeupe vidogo. Mmea mmoja unaweza kutoa maelfu ya mbegu, na kwa baadhi ya watu huleta muwasho wa ngozi na matatizo ya kifua. Ling'oe kabla halijatoa maua, ukiwa na glavu na umefunika pua. Usimtume mtoto.

Halafu kuna miche ya mwarobaini na mikuyu inayoota kwenye ufa wa msingi, mbegu zikiwa zimeletwa na ndege au popo. Ukiwa wa kimo cha kalamu huo unang'oka kwa vidole viwili. Subiri miaka miwili na utamwita fundi wa ukuta.

Kona ikishasafishwa, ifunike. Watu wengi hutandika nailoni nyepesi, na ncha ya ndago huitoboa bila shida. Tumia turubai nene, kingo zipandane kwa sentimita 15 hivi, juu yake kokoto. Maboksi ya katoni na maranda yanafanya kazi vizuri pia na ni rahisi kupatikana, ila yaweke upande wa uzio tu: ukiyaegemeza kwenye ukuta wa nyumba unawaandalia mchwa chakula karibu na milango na fremu za mbao. Ile njia ya kufunika kwa nailoni angavu ili jua liunguze mbegu ni nzuri shambani, lakini kwenye kona yenye kivuli cha ukuta joto halifiki.

Kuhusu dawa, sina chuki nazo, ila hapa ziwe za mwisho. Glaifoseti hufyonzwa na majani mabichi yanayokua, kisha hushuka mizizini. Kwa hiyo ukifyeka leo na kupiga dawa kesho umepoteza fedha. Ukiichanganya na maji ya tope pia umepoteza fedha, kwa sababu udongo huinasa na kuipunguza nguvu. Mahali finyu bomba la mgongoni hurusha dawa kwenye mpapai wa jirani. Afadhali ufunge sifongo kwenye fimbo ndefu, ulowanishe kidogo, upake majani. Vaa glavu na buti, usipake karibu na kisima, na usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mamlaka za nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, hazikukubaliana nao. Mzozo huo usikuzuie kuvaa glavu.

Chumvi, oili chafu na maji ya betri nasema hapana kabisa. Chumvi hupenya kwenye msingi na kuozesha nondo, oili huharibu udongo kwa miaka. Moto nao, karibu na tangi la plastiki au mtungi wa gesi, hauna haja ya maelezo.

Kabla ya kuingiza mkono popote humo, gongagonga kwa fimbo ndefu na usubiri. Nyoka hupenda pahala penye majani, unyevu na panya.

Pale ambapo maji ya jikoni hayana pa kwenda kwingine, panda magimbi. Yanapenda unyevu, yanavumilia kivuli kiasi, na majani yake mapana huinyima ndago mwanga. Kagua tu makwapa ya majani baada ya mvua, kwani maji yakituama humo mbu aina ya Aedes, jamii ya wale wa dengi, wanaweza kutaga.